Ukurasa wa Kushoto: Daftari Shirikishi Kwenye Somo la Hisabati

MADAM: Wasikilizaji hamjambo, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha walimu wa hisabati. Mimi nafundisha Darasa la Sita na la Saba. Mwenzangu yuko sekondari, anawapokea Kidato cha Kwanza hao hao ninaowaachia.

MWALIMU: Shikamoo, Madam.

MADAM: Marahaba. Leo nimekuja na mzigo.

MWALIMU: Naona. Kaunta buku gani imenenepa hivyo?

MADAM: Ya mwanafunzi wangu wa Darasa la Saba. Ameniazima, kesho asubuhi lazima nimrudishie. Hili ndilo daftari shirikishi. Marekani walimu wengi wanalitumia kwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Ukurasa wa kulia ni wa mwalimu: kanuni, mfano, maana ya neno. Wa kushoto ni wa mwanafunzi: mchoro wake, maelezo kwa maneno yake, kosa lake na jinsi alivyoligundua. Mwanzoni kuna yaliyomo, na kila ukurasa una namba.

MWALIMU: Na zile karatasi za kukata na kubandika? Maana picha nyingi ninazoziona ni maua na vibahasha vya rangi. Hisabati yenyewe unaitafuta.

MADAM: Na mimi nilianzia huko huko. Darasa lina watoto zaidi ya 70, mikasi minne. Kipindi cha dakika 40, dakika 25 zimeishia kwenye mkasi. Gundi nilipika mwenyewe, uji mzito wa unga wa ngano. Wiki ya tatu watoto wanakuja na madaftari yametafunwa na mende.

MWALIMU: Pole sana. Ukaacha?

MADAM: Niliacha kubandika kila kitu. Siku hizi karatasi inaingia pale tu mkono unapoona kitu ambacho mdomo wangu haukifikishi. Fungua ukurasa wa 31.

MWALIMU: Pembetatu... imechanwa pembe zake tatu, zimepangwa juu ya mstari.

MADAM: Kila mtoto alichora pembetatu yake. Mwingine nyembamba kama mkuki, mwingine imelala. Wakachana pembe, wakazipanga zikutane ncha kwa ncha. Mwishowe zote zikalala kwenye mstari mnyoofu, nyuzi 180. Darasa zima, pembetatu 70 tofauti, hakuna iliyogoma. Mtoto akishaona hivyo humwambii tena akariri.

MWALIMU: Lakini hapa kuna kipande kimoja kimefutwafutwa.

MADAM: Umeona eeh? Ukishachana pembe, kile kipande nacho kina ncha tatu. Mwanzoni watoto wengi walipanga ncha ya pale walipochana, mstari haukunyooka. Huyu ameandika kushoto: "Nilichanganya pembe ya kweli na pembe ya kuchana. Kabla ya kuchana, nipake rangi." Sikumwambia mimi. Tangu siku hiyo darasa zima tunapaka rangi kwanza.

MWALIMU: Sasa hilo ndilo ningependa wanafunzi wangu waje nalo. Kidato cha Kwanza wanafika na madaftari masafi, mwandiko mzuri, wamekopi ubaoni neno kwa neno. Ukimwuliza kwa nini, kimya.

MADAM: Tuje kwenye MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa matendo ya hesabu.

MWALIMU: Hapo umegusa kidonda! Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Nawapa 10 − 4 + 3, nusu ya darasa wanapata 3.

MADAM: Kwa sababu kwenye neno, JU iko mbele ya TO. Anajumlisha 4 na 3 apate 7, anatoa kwenye 10. Wala si uvivu. Amefuata kanuni kama tulivyomwimbisha. Kumbe kugawanya na kuzidisha vina hadhi moja, unachukua kinachotangulia kutoka kushoto. Na kujumlisha na kutoa vivyo hivyo.

MWALIMU: Na akija kwangu kanuni inabadilika jina, inakuwa BODMAS. Kosa linavuka naye mpaka sekondari limevaa Kiingereza. Halafu Wamarekani wao wanasema PEMDAS, kuzidisha kumetangulia kugawanya. Siku moja niliandika zote tatu ubaoni pamoja na 24 ÷ 4 × 2. Nikawauliza: ukifuata herufi tu, ya Kiswahili inakupa 12, ya Marekani inakupa 3. Hesabu ni moja, itakuwaje na majibu mawili? Wakabishana mpaka kengele inagonga.

MADAM: Huo ubishi uliandikwa wapi?

MWALIMU: Haukuandikwa, Madam. Nilifuta ubao nikatoka.

MADAM: Ndiyo kazi ya ukurasa wa kushoto. Soma huo wa 18.

MWALIMU: "Nilifikiri nijumlishe kwanza. Lakini nikiwa na maandazi 10, nikala 4, mama akaniongeza 3, ninayo 9. Kwa hiyo 3 lilikuwa jibu la uongo." Halafu amechora maandazi kumi, manne ameyakata. Dah. Huyu ameelewa.

MADAM: Ameelewa, na akisahau anajua pa kurudi.

MWALIMU: Unasahihishaje yote hayo, na watoto 70?

MADAM: Nachukua madaftari 12 kwa siku. Nasoma kushoto tu. Siweki tiki wala alama, naandika swali moja, kwa mfano "Na ingekuwa 10 − (4 + 3)?" Kesho yake anajibu chini yake. Mazoezi ya kawaida yana daftari lake, huko kalamu nyekundu inafanya kazi kama zamani.

MWALIMU: Wazazi?

MADAM: Mmoja alikuja amekasirika, mbona daftari la mwanawe limejaa makosa na mwalimu hajakata hata moja. Nilimwomba akae na mtoto, mtoto amweleze ukurasa mmoja, wowote. Alieleza kurasa tatu. Yule mama aliondoka akisema yeye hakuwahi kuambiwa kwa nini asili, zile namba za chini, hazijumlishwi kwenye kujumlisha sehemu.

MWALIMU: Na lugha? Maana kwangu hao hao wanaojua KDS, kigawe kidogo cha shirika, wakiona LCM ya Kiingereza wanadhani ni mada mpya.

MADAM: Muhula wa mwisho wa Darasa la Saba natenga kurasa nne za nyuma. Neno la Kiswahili, mfano wake, na nafasi tupu pembeni. Nawaambia hiyo nafasi mtaijaza mkifika sekondari. Asili, kiasi, kigawe, namba hasi, pembe mraba.

MWALIMU: Subiri. Mwaka huu mwezi wa pili nina binti alitoa kaunta buku kuukuu kwenye begi, akawa ananiuliza neno moja moja, anaandika pembeni. Dawati zima likamwinamia. Nilidhani ni la dada yake!

MADAM: Alikuwa wangu huyo.

MWALIMU: Basi naomba nipige picha huu ukurasa wa maandazi, nianze nao Jumatatu.

MADAM: Si wangu, Mwalimu. Nitamwuliza mwenyewe asubuhi nikimrudishia. Akikubali, nakutumia.