Kuhamisha difu ya Torsen: kutoka Roadster ya 1.8 kwenda ya 1.6

Bakari: Karibuni wapenzi wa magari. Leo tunaingia chini ya gari, upande wa nyuma kabisa. Dada Rehema, leo tuzungumzie Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia mwaka 1989. Mtu ana ya injini ya 1.6, na kuna difu, yaani kile kifaa cha gia kinachogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ya LSD ya mtumba inauzwa. Ainunue?

Rehema: Inategemea ni LSD ipi, maana LSD ni difu yoyote inayozuia tairi moja lisizunguke bure. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu neno LSD linauza spea nyingi zisizostahili bei yake. Roadster za 1.6 zilizotoka kiwandani na LSD zilikuwa na ile ya visikosi. Ndani yake kuna sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Tairi moja likizunguka haraka kuliko lenzake, mafuta yale yanazikokota sahani za upande wa pili.

Bakari: Maana yake lazima tairi lianze kuteleza ndipo isaidie.

Rehema: Ndiyo, inachelewa. Na mafuta yale yanazeeka humo humo ndani, huwezi kuyabadilisha unavyobadilisha oili ya difu. Difu ya miaka thelathini ya aina hiyo mara nyingi imeshakuwa difu ya kawaida yenye bei ya LSD. Mimi siwezi kumshauri mtu atoe hela yake hapo.

Bakari: Kwa hiyo atafute Torsen.

Rehema: Torsen, naam. Ilikuja na Roadster ya 1.8, iliyotoka mwaka 1993 na kuuzwa Marekani kama modeli ya 1994. Na pamoja na Torsen unapata kitu kingine ambacho watu wanakisahau: difu yote ya 1.8 ni kubwa zaidi. Krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, ya 1.6 ina kipenyo cha kama inchi 6, ya 1.8 inchi 7. Ukiwa na mpango wa kufunga tabo baadaye, ile ndogo ndiyo itakayokatika meno kwanza.

Bakari: Hebu tuwaeleze wasikilizaji Torsen inafanya nini hasa, maana wengi wanadhani ni difu loki kama ya Land Cruiser, ile inayoyafunga matairi yote mawili yazunguke pamoja.

Rehema: Eleza wewe, unaipenda sehemu hii.

Bakari: Naipenda sana! Iko hivi. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa siku zote. Watu wanasema inapeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza. Siyo. Inayapa matairi yote mawili nguvu ileile, na kiasi chake kinaamuliwa na tairi dhaifu. Ukiwa kwenye kona kali, gari linalalia upande wa nje, tairi la ndani linabaki jepesi. Likishindwa kushika barabara na kuanza kuzunguka bure, lile la nje nalo linaambulia kiasi hichohicho kidogo, japo limeshika lami vizuri kabisa.

Rehema: Na dereva anasikia injini inapiga kelele na gari haliendi.

Bakari: Enhe. Sasa Mmarekani mmoja, Vernon Gleasman, ndiye aliyebuni difu ya gia za mzunguko wa parafujo, ndiyo hii Torsen. Hataza yake ni ya mwaka 1958. Ndani hakuna sahani za msuguano wala mafuta maalumu. Ni gia tupu, zenye meno ya mshazari. Nguvu ya injini inapopita, meno yanasukumana na kubanana na ukuta wa nyumba yake, na msuguano huo unaruhusu upande wenye kushika upokee nguvu mara kadhaa ya upande dhaifu. Tuseme mara mbili kwa mfano. Tairi la ndani likiweza kubeba kilo kumi za nguvu, la nje linapata ishirini. Na inafanya hivyo papo hapo, kabla tairi halijaanza kuteleza.

Rehema: Ila uwaambie na upande wa pili.

Bakari: Sifuri mara mbili ni sifuri. Tairi moja likining'inia hewani kabisa, Torsen inakuwa kama difu ya kawaida. Hapo dereva mjuzi anavuta handbreki kidogo tu. Breki inalipatia lile tairi lililo hewani kitu cha kusukuma, na Torsen inazidisha hicho kwa upande wa pili.

Rehema: Kwa gari la barabarani hilo halitokei mara nyingi. Kwa kona, kwa mvua, kwa kutoka kwenye makutano yenye mchanga, Torsen inatosha na kubaki.

Bakari: Haya, tumefika dukani. Difu iko chini, imejaa grisi na vumbi, muuzaji anaapa ni Torsen. Unaangalia nini?

Rehema: Kama bado iko kwenye gari, ninapandisha matairi yote mawili ya nyuma kwenye stendi, gia nyutro, handbreki chini. Ninazungusha tairi moja kwa mkono. Lenzake likienda kinyume, hiyo ni difu ya kawaida. Likienda upande uleule, ni LSD. Lakini ya visikosi iliyo nzima nayo inapita mtihani huo, kwa hiyo siishii hapo. Kama difu imeshashushwa, nachomoa kipande cha shafti cha pembeni, namulika tochi kwenye tundu. Nikiona pini imekatiza katikati na vigia vidogo vimepangwa juu yake, siyo Torsen, namrudishia mwenyewe tochi yake na kuondoka.

Bakari: Na uzima wake?

Rehema: Hapo ndipo nakaa sana. Kwanza nafungua nati ya kumwagia oili. Ina sumaku. Unga laini wa kijivu kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapana. Oili iliyobadilika rangi kama maziwa imeingiliwa na maji, na maji yanakula beringi. Pili, nashika flanji ya pinioni, yaani ile gia ndogo inayoizungusha krauni, pale propela inapofungwa, kwa mikono miwili na kuitikisa juu chini. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, beringi ya pinioni imekwisha. Tatu, naizungusha taratibu mizunguko kadhaa nikiwa nimeweka kiganja kwenye nyumba yake. Mkono unasikia mkwaruzo kabla ya sikio.

Bakari: Na kuna watu wanashauriwa wanunue kile kiini cha Torsen peke yake, wakafunge kwenye nyumba yao.

Rehema: Kwenye nyumba ya 1.6 hakiingii, kwa hiyo suala hilo limekwisha. Kwa mwenye 1.8 kinaingia, lakini sikubaliani nalo kwa fundi asiyekuwa na vifaa vya kupimia. Krauni na pinioni zimesagana pamoja kwa miaka yote hiyo. Ukifungua, inabidi uweke upya shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, upime nafasi kati ya meno, upake rangi uone meno yanagusana wapi. Ukikosea sehemu ndogo sana ya milimita, gari litalia wiiii kuanzia kilomita 80 kwa saa, na halitanyamaza. Difu nzima ya mtumba isiyo na kelele, iache imefungwa kama kiwanda kilivyoifunga. Badilisha sili za pembeni na ya pinioni ikiwa bado juu ya meza, basi.

Bakari: Sasa orodha ya manunuzi. Maana hapa ndipo watu wanakwama gari likiwa juu ya stendi.

Rehema: Ukihamisha kutoka 1.8 kwenda 1.6, difu peke yake haikufikishi popote. Flanji ya pinioni ni tofauti, kwa hiyo propela inatoka kwenye 1.8. Saidi shafti zote mbili nazo zinatoka kwenye 1.8. Nunua vyote kwenye gari moja lililokatwa, siku moja, kwa bei moja. Mwenye kununua difu leo na kutafuta propela mwezi ujao atazunguka maduka yote, na muuzaji akishajua una difu tayari, bei inapanda.

Bakari: Na mshale wa spidi. Usisahau hilo.

Rehema: Sema wewe.

Bakari: Roadster ya 1.6 yenye gia za mkono ina uwiano wa 4.30. Difu ya 1.8 ya miaka hiyo ina 4.10. Mshale wa spidi unasoma kutoka kwenye gia boksi, haujui kama umebadilisha difu. Kwa hiyo ukisoma 100, ukweli uko karibu na 105. Kuna kigia kidogo cha plastiki ubavuni mwa gia boksi, ukipata cha 1.8 unabadilisha, mshale unasema kweli tena. Na mwendo wa kuondoka unapungua ukali kidogo, ila safari ndefu injini inatulia.

Rehema: Kazi yenyewe siyo ya kutisha. Kabla ya kumwaga oili, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Nati kubwa za katikati ya magurudumu ya nyuma, zile za saidi shafti, ni za milimita 29, zimekazwa sana, zilegeze gari likiwa bado chini. Ekzosti inashuka, propela inashuka. Halafu kuna ile fremu ndefu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu. Hapo naomba kila mtu anisikilize: weka jeki chini ya gia boksi kabla hujagusa boliti zake. Fremu ile ndiyo inayoishikilia gia boksi upande wa nyuma. Ukiiachia, gia boksi inashuka, injini inalala, na mipira inayoshikilia injini mbele inavutwa.

Bakari: Na wakati wa kurudisha?

Rehema: Gia boksi irudi kwenye urefu wake sahihi kabla ya kukaza fremu. Ikikaa chini kidogo, propela inapinda na gari linatetemeka kwenye mwendo. Watu wengi wanailaumu difu ya mtumba bure, kumbe ni pembe ya propela.

Bakari: Oili?

Rehema: GL-5 ya 75W-90, kama lita moja kwa difu ya 1.8. Torsen haihitaji ile oili yenye dawa ya LSD za sahani. Gari likiwa limesimama usawa, jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Tembea kilomita mia chache, kisha imwage tena uangalie ile sumaku. Ikitoka na unga laini tu, jaza mpya, funga, endesha.