Msimu wa 1973, na Kitunguu Kilichomliza Bingwa

Mabibi na mabwana, nianzie pale ambapo wasimulizi wengi hupapita: siku farasi wa mbio Secretariat aliposhindwa. Aprili 1973, New York, mbio za Wood Memorial. Farasi mwekundu aliyekuwa akitazamwa na Marekani nzima akaambulia nafasi ya tatu. Alikuwa na jipu mdomoni, pale pale hatamu zinapovuta, ila mashabiki hawakulijua. Walichokijua ni kwamba mbio kubwa za Kentucky Derby ziko wiki mbili mbele, na minong'ono ikaanza: maili moja na robo hataziweza huyu, ukoo wake ni wa mbio fupi.

Mei 5, Louisville, siku ya Derby. Lango linafunguliwa, anatoka wa mwisho. Sasa tuhesabu pamoja. Robo maili ya kwanza, sekunde 25 na ushei. Ya pili, 24. Ya tatu, 23.8. Ya nne, 23.4. Ya tano, 23 kamili. Mmeona? Farasi wengine mwishoni hupungua. Huyu kila robo aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia! Dakika 1 na sekunde 59.4, na rekodi hiyo mpaka leo haijavunjwa.

Mbio zilizofuata, Preakness, sitazikalia sana. Alishinda, mpinzani wake Sham akawa wa pili kama kule Derby. Saa ya uwanjani ilileta utata, na muda wake ulikuja kusahihishwa rasmi mwaka 2012. Miaka 39 ya ubishi!

Mbio za Belmont, Juni 9. Farasi watano tu. Sham, maskini, akaamua leo hamwachii: wakaenda sambamba kwa kasi ya mbio fupi, ilhali safari ni ya maili moja na nusu. Sham akakatika pumzi, akamaliza wa mwisho. Hakukimbia tena maishani. Mwenzake akazidi kwenda. Ipo picha moja ninayoipenda: mpandaji, Ron Turcotte, amegeuza shingo kushoto anatazama saa. Atazame nini kingine? Nyuma yake palikuwa na nafasi ya kupanga farasi 31, kichwa kwa mkia. Dakika 2 na sekunde 24.

Aliyembetia kwa dola 2 alistahili kulipwa dola 2 na senti 20. Tiketi 5,617 za ushindi hazikurudishwa dirishani. Nani auze kumbukumbu kwa faida ya senti 20?

Agosti, Saratoga, mbio za Whitney. Akashindwa na farasi asiye na jina kubwa, aitwaye Onion. Naam, Kitunguu. Hapo ndipo bingwa alipolizwa. Aliyemnoa Onion ni Allen Jerkens. Watu wakasema bahati. Septemba, katika mbio za Woodward, Secretariat akashindwa tena, safari hii na Prove Out. Naye alitoka zizi la Jerkens.