Simu ya Mama na Kibandiko cha 8GB

AKINYI: Karibuni tena kipindini. Tuko Milimani, Kisumu, na dirisha tumelifunga kwa sababu ya kelele za tuktuk. Mkisikia pumzi kama za mtu aliyepanda Kit Mikayi mbio, ni joto tu. Mimi ni Akinyi.

WEKESA: Wekesa hapa. Mtu wa Bungoma aliyekataa kurudi nyumbani.

AKINYI: Na aliyekuwa fundi wa simu Kondele, ndiyo maana leo nakutumia bila malipo. Wiki iliyopita kabambe ya mama ilitumbukia kwenye karai la omena kule Ahero. Sasa anasema amechoka na simu za vibonye, anataka ya kugusa, awaone wajukuu kwa video. Nikashuka Oginga Odinga Street. Muuzaji akanitolea boksi, juu yake kibandiko chekundu: RAM 8GB. Bei elfu 14. Nikajiambia, leo nimeokota dodo.

WEKESA: Maandishi madogo chini ya hiyo nane uliyasoma?

AKINYI: Sikuyasoma, niliyapiga picha nikakutumia wewe. Yalisema 4GB + 4GB.

WEKESA: Hapo ndipo watu wanapopigwa. RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, ni ile 4 ya kwanza. Hizo 4 nyingine simu inazikopa kutoka kwenye hifadhi, pale picha zako zinapokaa, na hifadhi ina mwendo wa kobe ukiilinganisha na RAM. Chukulia meza yako ya jikoni ni ndogo, halafu mtu anakwambia usijali, tumekuongezea meza, iko chumba cha kulala. Meza ipo, hajadanganya. Lakini kila ukitaka chumvi, unatembea.

AKINYI: Kwa hivyo ni uongo?

WEKESA: Siwezi kuuita uongo. Inasaidia kidogo programu zisifungwe zikiwa nyuma. Ila usiilipie. Uliza RAM yenyewe ni ngapi, hifadhi ni ngapi. Kwa mama, 4GB kamili zinamtosha, na hifadhi isipungue 64, kwa sababu zile video za kanisa zinazotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp zitajaza 32 kabla ya Krismasi.

AKINYI: Zile za good morning zenye maua!

WEKESA: Hizo hasa. Na kuna jambo moja ambalo muuzaji hakuambii kwa sababu hakuna anayemuuliza: hii simu italetewa masasisho ya usalama mpaka lini? Mama yako habadilishi simu kila mwaka. Ataishika miaka 5, 6. Kuna simu za bei ya chini zinazotoka kiwandani, zinapata sasisho moja au mawili, basi, zinasahaulika kama mtoto wa kambo. Samsung walipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 waliahidi miaka 6 ya masasisho, na hiyo si simu ya matajiri. Google wao waliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8, ya 2023, lakini Pixel ni bei nyingine, na ikivunjika kioo hapa Kisumu utasubiri kipuri hadi uzeeke.

AKINYI: Na ukiwa dukani unajuaje?

WEKESA: Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, toleo la Android, utaona tarehe ya sasisho la usalama. Ukikuta boksi ni jipya lakini tarehe ni ya mwaka juzi, rudisha taratibu, shukuru, ondoka. Programu nazo hazikungoji. Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0. Simu inaweza kuwa nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, na bado ikakukatia mazungumzo.

AKINYI: Kwa elfu 14 hizo hizo, kuna waliokuwa wananisukumia simu za mtumba, zile za kutoka Uingereza. Kubwa, nzuri, kamera tatu.

WEKESA: Sizikatai. Mimi mwenyewe natumia moja. Ila mtumba una sala zake. Kwanza bonyeza *#06#, upate IMEI, nambari ya kitambulisho cha simu, ulinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio. Zikitofautiana, hiyo simu imechezewa. Unakumbuka 2012, Septemba ikiisha, simu feki zilipozimwa nchi nzima? Ndipo wengi tulipojua simu ina kitambulisho.

AKINYI: Mjomba alilala na simu akaamka na kioo cha kujitazamia.

WEKESA: Haswa. Pili, mwambie muuzaji aifute simu mbele yako, iwake upya kama ya dukani. Ikiomba akaunti ya Google ya mtu mwingine, usitoe pesa. Hiyo kinga ipo tangu Android 5.1, ya kuzuia wezi. Lakini iliyonivunja moyo ni nyingine. Mvulana mmoja kutoka Maseno alinunua simu Kibuye, Jumapili, siku ya soko kubwa. Jumatatu inafanya kazi, Jumanne inafanya kazi. Jumatano anaamka, kioo chote kimejaa ujumbe mmoja: lipa deni. Kumbe ilichukuliwa kwa mkopo wa kulipa kila siku, mwenyewe akaiuza akakimbia. Alikuja kwangu anatetemeka. Ile kufuli iko ndani kabisa ya mfumo wa simu, kuifuta simu hakuiondoi. Nilimrudishia hivyo hivyo. Kwa hivyo omba risiti, na kama mtu anauza simu ya miezi 3 kwa nusu bei, muulize anakimbia nini.

AKINYI: Na tableti? Dada yangu anatafutia mtoto wa gredi 6.

WEKESA: Kwa ufupi: hakikisha ina nafasi ya laini, kwa sababu nyingi za bei nafuu ni Wi-Fi pekee na nyumbani hakuna Wi-Fi. Ukubwa inchi 10 ndiyo macho ya mtoto yanahitaji kusomea vitabu. Weka Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto, uweke saa za kulala. Usinunue zile za plastiki zenye sura ya katuni na RAM 2GB, mtoto atazichoka kabla yako. Tuendelee.

AKINYI: Haya, mbona haraka hivyo? Basi. Simu ya mama ninayo hapa mezani, niliinunua asubuhi baada ya kukusumbua kwa simu mara 4. Laini yake tayari iko ndani. Ipambe.

WEKESA: Watu wakisikia kupamba wanafikiria mandhari na aikoni za dhahabu. Mimi naanza kwa kutoa. Tazama: simu haijamaliza hata siku moja na ina michezo 5, vivinjari 2, duka la programu la pili, na hii hapa kwenye kioo kilichofungwa inaleta habari za watu maarufu ambao mama hawajui. Hizi naondoa. Ambazo haziondoki, nazizima. Sasa arifa: kila programu isiyokuwa ya mtu kumpigia au kumwandikia, arifa zake nafunga. Simu ya mama ikilia, ajue kuna mtu.

AKINYI: Hiyo nimeipenda.

WEKESA: Lugha naweka Kiswahili. Maandishi makubwa, na vitu vya kioo vikubwa pia, ni mipangilio miwili tofauti, wengi wanabadilisha mmoja wanalalamika. Kisha nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7. Moja, mbili... umeona? Imekufungulia mipangilio ya wasanidi. Humo sigusi kitu ila uhuishaji, zile mbwembwe za kioo ukifungua programu: zile za 1x tatu nazifanya 0.5x. Simu haijaongezewa nguvu yoyote, ila haipotezi muda kucheza densi kila ukifungua kitu.

AKINYI: Na ile lancha yako, programu ya kupanga ukurasa wa mwanzo, ya maandishi matupu?

WEKESA: Hapana, hiyo ni ya wazimu wangu. Mama namwachia lancha iliyokuja na simu, lakini ukurasa mmoja tu. Juu picha za watu 6 wa kupigia kwa mguso mmoja, chini WhatsApp, kamera, tochi na menyu ya M-Pesa. Halafu nafunga mpangilio usisogezwe, maana kidole cha mzee kikikaa kidogo aikoni inahama, na kesho unaambiwa WhatsApp imeibwa.

AKINYI: Kuna msikilizaji ameniuliza kama aruti simu yake, yaani ajipe mamlaka yote juu yake, aweke Android nyingine kabisa.

WEKESA: Eeh. Hapo nina kovu. Zamani kulikuwa na Android ya aina hiyo, CyanogenMod, ikafa mwisho wa 2016, ikazaa LineageOS ambayo ipo hadi leo. Nimefufua nayo simu ambazo watengenezaji walizitupa zamani. Kwa simu kuukuu iliyokaa kwenye droo, na iliyo kwenye orodha yao ya simu wanazozikubali, jaribu, utafurahi. Lakini kufungua butiloda, ile kufuli ya mtengenezaji inayozuia Android nyingine, kunafuta kila kitu, picha za harusi na zote. Na programu nyingi za benki zikigundua simu imefunguliwa zinakugomea. Mimi 2017 niliwasha kompyuta ya mezani pale Kondele, simu ya mteja, nikaanza kuflashi, yaani kuiandikia mfumo mpya. Asilimia 60 hivi, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, simu haikurudi. Haiwaki, haichaji, haitetemeki. Tofali.

AKINYI: Ukamwambia nini mwenyewe?

WEKESA: Nilimnunulia nyingine. Kwa miezi 2 nilikula sukuma na ugali, siku nzuri nikapata mchuzi wa omena. Kwa hivyo huyo msikilizaji: kama simu ndiyo duka lako, ndiyo M-Pesa yako, iache. Ukiwa na ya pili, na kompyuta yenye betri, karibu kwenye chama.

AKINYI: Umemaliza ya mama?

WEKESA: Imebaki mlio. Nimeweka juu kabisa, asikie akiwa shambani. Na picha yako ni ya kwanza kwenye wale 6.

AKINYI: Mbona umeniwekea ile ya kilemba? Haya, ngoja nimpigie nimwambie simu yake iko tayari, kesho naipandisha matatu ya Ahero...

(Simu inalia kwa sauti kubwa mezani.)

WEKESA: Pokea, ni wewe.