Tangi la presha linapimwa kwa pampu

Ndugu zangu mafundi bomba wa Tabora, asanteni kwa kuitikia. Swali ninalokutana nalo sana ni hili: "Gesti ina vyumba 12, nifunge tangi la presha la lita ngapi?" Vyumba vinakusaidia kuchagua pampu. Tangi la presha, lile linalotunza maji yenye msukumo ili pampu isiwake kila koki inapofunguliwa, linafuata pampu yenyewe: inasukuma lita ngapi kwa dakika, na mota inaruhusiwa kuwaka mara ngapi kwa saa.

Tuseme lita 40 kwa dakika, mara 20 kwa saa. Basi tangu iwake hadi iwake tena zisipungue dakika 3. Koki zote zikiwa wazi pampu haiteseki, inazunguka tu moja kwa moja. Inateseka matumizi yakiwa nusu ya uwezo wake: lita 20 zinakwenda kwa watu, 20 zinaingia tangini. Dakika moja na nusu kujaza, moja na nusu kumaliza. Hapo tunahitaji lita 30 zitoke kabla pampu haijawaka tena.

Lakini lita 30 za maji si tangi la lita 30, maana humo ndani kuna upepo. Swichi ya presha ikiwasha pampu kwenye baa 2 (baa ni kipimo cha presha) na kuizima kwenye 3.5, upepo jazeni 1.8. Ongezeni baa 1 ya hewa ya nje kila mahali, mpate 2.8, 3 na 4.5. (Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, ila jibu halisogei sana.) 2.8 gawanya kwa 3, toa 2.8 gawanya kwa 4.5, inabaki 0.31 ya tangi. Tangi la lita 100 litatoa 31. Lile la 24 linatoa saba na nusu, na mota itawaka mara 80 kwa saa! Inaniuma sana mota inapoungua hivyo, kisha lawama zote anapewa umeme.

Upepo upimwe pampu imezimwa na maji yametolewa yote. La sivyo geji inawasomea presha ya maji. Ukibonyeza sindano ya nozeli ya kujazia upepo yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Wanaofanya kazi Kigoma kwenye vile vilima, kila mita 10 za kupanda zinakula baa 1. Mkipandisha swichi iwe 3 na 4.5, upepo nao uwe 2.8, na tangi la lita 100 litatoa 26 tu, kwa hiyo tafuteni kubwa zaidi. Upepo ukiachwa kwenye 1.8, zitatoka 19.