Jinsi ya kuipata p Eridani, nyota pacha iliyo jirani na Akhiri Nahari (Achernar)

Habari za usiku, ndugu watazamaji. Shikamooni wakubwa zangu wote. Leo nipo Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, ufukweni. Nimekuja huku kwa makusudi: taa za Dar es Salaam zote ziko kaskazini-magharibi, mgongoni mwangu, na mbele yangu, upande wa kusini, ni giza tupu. Ni mwanzo wa Desemba, saa tatu kasoro robo usiku. Jana ilinyesha mvua ya vuli ikaosha vumbi lote hewani, na usiku huu mbingu imetakata.

Tunatafuta nyota moja hafifu iitwayo p Eridani. Kwa macho matupu, mahali penye giza kama hapa, unaiona kwa shida. Mjini huioni kabisa. Lakini ukiielekezea darubini, hata ndogo, ile nukta moja inagawanyika na kuwa nyota mbili zinazolingana, na nyota hizo mbili zinazungukana. Watu wengi wenye darubini huitumia kwa Mwezi, Mshtarii na Zohali, kisha huirudisha kwenye boksi. Hii yetu wanaipita kila usiku bila kujua ipo.

Neno moja kuhusu jina kabla hatujaanza. Hiyo ni p ndogo, herufi ya kawaida. Siyo pi ya Kigiriki. Kuna nyota nyingine inayoitwa Pi Eridani, na hiyo iko mbali sana kaskazini mwa kundinyota hilohilo la Eridanus. Mwaka wa kwanza nilihangaika usiku mzima nikitazama nyota isiyo yenyewe kwa sababu ya herufi hiyo moja. Kwa hiyo ukitumia programu ya ramani ya nyota kama Stellarium kwenye simu, andika HD 10360, namba yake katika orodha ya nyota. Ukiandika namba hiyo huwezi kupotea.

Sasa vifaa. Darubini mnayoiona hapa ni ya lenzi, kipenyo milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700. Namba hizo huandikwa kwenye bomba, karibu na mdomo au pale unapochungulia. Nimeleta lenzi mbili za kuchungulia, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Gawanya 700 kwa 25 unapata 28, maana yake inakuza mara 28. Gawanya 700 kwa 10, inakuza mara 70. Hizo zinatosha kabisa. Boksi la darubini likikuahidi kukuza mara 500, usilisikilize. Kwa kipenyo hiki utaona ukungu tu.

Pengo kati ya nyota zetu mbili ni sekunde za tao 11 na kidogo. Sekunde hizi ni kipimo kidogo cha pembe, si cha muda. Mwezi mpevu una upana wa takriban sekunde 1,800. Chukua upana huo wa Mwezi, ugawe vipande 150 na zaidi: kipande kimoja ndilo pengo lenyewe. Linasikika dogo, ila kwa darubini ya milimita 70 ni pengo pana, hata kama mkono wako bado ni mgeni. Darubini ya macho mawili, ile ya 10×50 (inakuza mara 10, lenzi zake milimita 50), itakusaidia kuifikia nyota. Kuitenganisha, hapana.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kusimama. Usisimike darubini kwenye sakafu ya saruji, na usitazame nyota inayopita juu ya paa la bati. Bati na saruji hushika joto la mchana na kulitoa usiku, na hewa hiyo ya moto inayopanda hufanya nyota zichemke kwenye lenzi kama maji jikoni. Simama kwenye nyasi au mchanga. Na kama unaishi mjini, nenda kusini ya mji wako, ili mng'ao wa taa ubaki nyuma yako. Mwezi nao uangalie kwenye kalenda: usiku wa giza, kabla Mwezi haujachomoza au baada ya kutua, ndio wenyewe.

Hatua ya pili, itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuanza, ipoe na kulingana na hewa. Macho yako pia yanataka muda huohuo. Simu ipunguze mwanga mpaka mwisho. Mtoto akija na tochi, mwombe aizime, kisha mkaribishe akae. Atakuwa wa kwanza kuchungulia.

Hatua ya tatu. Geukia kusini. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama digrii 10. Panga ngumi nne kutoka upeo wa macho kwenda juu. Pale juu, peke yake, pana nyota kali, nyeupe yenye ubuluu. Hiyo ni Achernar. Jina limetoka kwenye Kiarabu, akhir an-nahr, na sisi hatuhitaji kamusi kulielewa: akhiri ni mwisho, nahari ni mto. Eridanus ni mto wa nyota unaoanzia jirani na Jabari (Orion) kule mashariki na kushuka kwa mizunguko mpaka hapa, na hapa ndipo mto unapoishia. Mimi naiita Akhiri Nahari.

Ukitaka uhakika, angalia kushoto na kulia. Kushoto, kusini-mashariki, chini kidogo, ndiyo kwanza Suheli (Canopus) imepanda, ile ya manahodha. Kulia, kusini-magharibi, juu zaidi, kuna Fomalhaut. Akhiri Nahari iko katikati ya hizo mbili, karibu umbali sawa huku na huku. Walio Nairobi wataiona chini zaidi, ngumi tatu na nusu. Mombasa ni kama ngumi nne kasoro kidogo. Na si lazima Desemba: Oktoba saa hizi iko kusini-mashariki, Januari imeshaelekea kusini-magharibi. Ikifika Februari, wahi mapema, maana inazama.

Hatua ya nne ndiyo ya kuruka kutoka nyota hadi nyota, na kwa bahati nzuri mruko wenyewe ni mfupi. Weka lenzi ya milimita 25. Ilete Akhiri Nahari katikati kabisa. Rekebisha fokasi polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kuliko zote unazoweza kuzipata. Sasa toa jicho kwenye lenzi. Tazama bomba lenyewe. Inua mdomo wa bomba kidogo sana, digrii moja tu, yaani mapana mawili ya Mwezi mpevu, kisha usogeze kushoto kwa chembe. Nasisitiza tazama bomba, kwa sababu ndani ya lenzi pande hugeuka. Darubini za vioo hupindua juu chini, na zile zenye kioo cha kona kama hii yangu hubadilisha kushoto na kulia. Mbinguni juu ni juu. Kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa kina upana wa hiyo digrii moja. Kipime hewani kwanza ili mkono wako uelewe kiasi.

Maelezo haya ya juu na kushoto ni ya saa hii, wakati Akhiri Nahari imesimama kusini barabara. Ikiwa bado inapanda au imeanza kushuka, kumbuka kwamba nyota yetu iko upande wake wa kaskazini, na mashariki kidogo.

Rudi kwenye lenzi. Unaona nyota moja ya manjano inayozidi nyingine zote hapo karibu? Subiri. Usiguse kitu. Acha stendi itulie kutikisika. Hata kwa kukuza mara 28, ukitulia, utaona si nyota moja.

Hatua ya tano, ilete katikati, toa lenzi ya milimita 25, weka ya milimita 10. Fokasi tena. Hizo hapo. Kwenye video simu yangu inazionyesha kama nukta mbili nyeupe, na inanisikitisha, kwa sababu kwa jicho zina rangi ya manjano inayoelekea chungwa, zote mbili, kama koroboi mbili zilizowashwa kwenye baraza ya nyumba ya mbali. Mwanga wao karibu uko sawa. Mimi hadi leo nikitazama siwezi kuapa ipi ni kubwa.

Baki hapo muda mrefu, dakika kumi hata kumi na tano, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Rudisha kumbukumbu kwa Akhiri Nahari uliyoitazama sasa hivi. Ile ni moja ya nyota 10 zinazong'aa zaidi usiku, na hii ni hafifu kiasi cha kukosekana. Ungeambiwa uchague ipi iko karibu nasi, ungesema ile kali. Kumbe ile iko umbali wa miakanuru 140 hivi; mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Hizi mbili ziko kwenye miakanuru kama 27 tu. Akhiri Nahari ni jitu: inatoa mwanga mara maelfu ya Jua letu, na inajizungusha kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba mwaka 2003, ilipopimwa na darubini za Paranal nchini Chile, ilionekana imetanuka kiunoni na kubonyea kwenye ncha. Hizi zetu ni ndogo kuliko Jua, zina ubaridi kuliko Jua, na kila moja inatoa chini ya nusu ya mwanga wake. Ni nyota za kawaida za mtaani kwetu. Tunazipita kwa sababu hazipigi kelele, na hizo ndizo majirani.

Mwanga unaoingia jichoni mwako sasa uliondoka kule miaka 26 au 27 iliyopita. Jaribu kukumbuka ulikuwa wapi wakati huo, kama ulikuwa umezaliwa.

Aliyegundua kwamba ni mbili ni Mskoti aitwaye James Dunlop, akiwa nyumbani kwake Parramatta, Australia, Desemba 1825. Alikuwa amefika New South Wales pamoja na gavana Thomas Brisbane, ambaye alijenga kituo cha kutazamia nyota hukohuko Parramatta. Mwaka 1829 Dunlop alichapisha orodha ya nyota maradufu 253 za anga ya kusini, na hii yetu ni namba 5, ndiyo maana orodha nyingine huiandika DUN 5. Wakati wake zilikuwa zimekaribiana kuliko hivi. Tangu hapo zimeendelea kuachana, na kwa hiyo wewe leo unazitenganisha kwa urahisi kuliko yeye.

Mzunguko mmoja unachukua miaka 480 hivi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, na tangu jiwe la kwanza hadi leo nyota hizi hazijamaliza duara moja. Kwa wastani zimeachana mara 60 na zaidi ya umbali wa Dunia na Jua. Neptuni, sayari yetu ya mwisho, iko kwenye 30 tu. Katika pengo hilo dogo unalolichungulia, njia nzima ya Neptuni ingeingia.

Hatua ya sita: chora. Ndiyo, chora, hata kama hujui kuchora. Kwenye daftari piga duara kwa kutumia kikombe. Hilo ndilo umbo la kile unachoona kwenye lenzi. Sasa acha kugusa darubini. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zitaanza kuteleza kwenda upande mmoja mpaka zitoke nje. Upande zinakopotelea ni magharibi. Weka alama ya M hapo kwenye duara. Halafu angalia namna pacha hawa wanavyotembea: hawafuatani mmoja nyuma ya mwingine, wanakwenda bega kwa bega, mstari unaowaunganisha ukiikata njia yao karibu kwa msalaba, kwa sababu wamejipanga karibu kaskazini na kusini. Weka nukta mbili jinsi unavyoziona. Andika tarehe, saa, mahali, kipenyo cha darubini na lenzi uliyotumia.

Mwakani Desemba chora tena kwenye daftari hilohilo. Mwaka mmoja hautaonyesha tofauti. Hata mitano haitoshi kwa mchoro wa mkono. Daftari la Dunlop lilipowekwa pamoja na la waliomfuata ndipo njia ya nyota ilipojulikana, na lako lina nafasi yake kama utalitunza na kumwachia mtu.

Kwa watu wa pwani, jambo la mwisho kabla sijazima kamera. Huku kuna umande na chumvi. Lenzi ya mbele ikishika ukungu, usiifute kwa kanga wala kwa kitambaa cha miwani; chumvi itaikwaruza. Elekeza bomba chini, liache likauke lenyewe kwa hewa, kisha funika mfuniko. Yangu imeshaanza kulowana, naifunika sasa.