Jina la Mandela na Bei ya Picha ya Zanzibar

Ndugu zangu, kabla haijafika mnadani London mwaka 2015, picha ninayotaka tuizungumzie ilikuwa ikining'inia kwenye nyumba moja ya jiji hilohilo, imebandikwa barua, postikadi na bili. Wenyewe waliifanya ubao wa matangazo. Ni “Arab in Black”, aliyoichora Irma Stern wa Afrika Kusini alipokuwa Zanzibar mwaka 1939.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 picha hiyo ilitolewa iuzwe kuchangia utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini, ile iliyofuata kukamatwa kwa watu 156 mwaka 1956. Kuinunua wakati ule kulikuwa kujiweka upande wa watu ambao serikali ya makaburu iliwaita wahaini. Mwaka 2015 habari hiyohiyo ndiyo iliyoinadi. Ikauzwa pauni 842,500.

Wengi husema jina la Mandela ndilo lililopandisha bei. Naomba tusiharakishe. Machi 2011, Bonhams, kampuni ileile ya mnada ya London iliyoiuza picha yetu, iliuza “Arab Priest”, aliyoichora Stern Zanzibar mwaka 1945, kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ile haikuwa na kisa cha Mandela hata kidogo. Ilikuwa na uso uliochorwa kwa rangi nzito, na fremu ya mbao za nakshi za Zanzibar, ambazo wanunuzi wa Stern wanazipenda mno. Tena mnunuzi alikuwa Qatar, dola inayojenga makumbusho yake kwa fedha nyingi. Hiyo nayo ni siasa, lakini si ya mchoraji.

Stern mwenyewe hakuwa mwanaharakati. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 aliiwakilisha Afrika Kusini ya ubaguzi kwenye maonyesho ya Venice. Kwa hiyo sifa ya kisiasa iliyoinadi picha ile haikuwa yake; ilikuwa ya aliyeitoa na ya waliokuwa kizimbani. Soko huchagua kipande cha historia kinachouzika leo, kingine likakipitia kimyakimya.

Linaloniuma ni hili. Safari ya picha ile imefuatiliwa tangu mchango wa kesi hadi London, lakini mtu aliyekaa akachorwa amebaki “Mwarabu” tu. Alikuwa na ukoo na majirani. Wazee wa Mji Mkongwe wangeonyeshwa uso ule miaka hamsini iliyopita, huenda wangemtaja kwa jina lake na la baba yake.