Bunge Lisilovunjika

Ndugu zangu, twende London, Novemba 3, 1640. Mfalme Charles wa Kwanza anafungua bunge asilolitaka. Alishatawala miaka 11 bila bunge, na lile la Aprili mwaka huohuo alilivunja baada ya wiki tatu. Safari hii amebanwa: jeshi la Waskoti limekalia kaskazini mwa Uingereza, na makubaliano yanataka lilipwe pauni 850 kila siku.

Nani akopeshe? Matajiri wa London walisita, na mimi ningesita. Ukilikopesha bunge leo, mfalme akalivunja kesho, utamdai nani? Ndipo ikatungwa sheria ya Mei 1641: bunge hili halivunjwi ila kwa ridhaa yake lenyewe. Mfalme aliikubali siku ileile aliyokubali waziri wake, Strafford, auawe. Nadhani moyo wake wote ulikuwa kwa Strafford. Hii nyingine aliipitisha kama mtu anayetia sahihi stakabadhi ya duka.

Watu hupenda kisa cha Januari 4, 1642, mfalme alipoingia bungeni na askari kukamata wabunge watano, akakuta wameshatoroka. Spika Lenthall akapiga magoti, akasema hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa amri ya Bunge. Kisa kitamu, nami sichoki kukisimulia. Lakini jiulizeni: kwa nini hakulivunja tu, kama alivyofanya 1629? Hakuweza. Ufunguo alishawakabidhi wenyewe. Agosti, vita kati ya mfalme na bunge vikaanza.

Na kufuli lile halikumzuia mfalme peke yake. Desemba 1648 Kanali Pride, wa jeshi la bunge, alisimama mlangoni na askari akiwachuja wabunge. Waliobaki ndio walioanzisha mahakama iliyomhukumu mfalme, naye akakatwa kichwa Januari 30, 1649. Hata hivyo bunge likaendelea kukaa! Cromwell, mkuu wa jeshi, akachoka nalo, Aprili 1653 akawatoa kwa askari. Wenyewe wakashikilia kwamba kufukuzwa si kuvunjwa, na kwa maandishi ya sheria walikuwa na hoja.

Cromwell akafa, wakarudi 1659. Februari 1660 Jenerali Monck akawarudisha na wale waliochujwa na Pride, kwa sharti kwamba walifunge. Machi 16 wakalivunja kwa ridhaa yao, kama sheria ilivyotaka. Lile jeshi la Waskoti lililoleta deni lilikuwa limesharudi kwao tangu 1641.